Doa Jeusi kwenye Kibangwa

Mwanangu Zaituni,

Salamu sikuandikii, maana tumesalimiana asubuhi na sasa hivi nakusikia hapo uani ukicheka. Mama yako mkubwa Kabula anakusuka, na kila ukilalamika kwamba anavuta nywele anakwambia uzoee, huko Arusha hakuna wa kukuonea huruma ya bure. Mimi nipo kibandani kwangu mbele ya nyumba. Nimefunga nusu ya mlango, na mteja akija namwambia leo fundi hajisikii vizuri. Si uongo sana.

Habari za sweta, za namba ya simu ya mwenye nyumba, za kutolala dirisha wazi na za kula njiani, mama yako amekwisha kukwambia mara tatu tatu. Siongezi neno hapo. Nina jambo moja tu, na nimelichelewesha mpaka siku ya mwisho kwa sababu baba yako ni mwoga.

Juzi uliingia hapa ukaniambia, "Baba, kibangwa cha bibi nakwenda nacho. Siku ya kwanza tu chuoni nawaonesha wenzangu kombe la baharini lililobebwa na mpagazi kutoka pwani mpaka Tabora." Nikasema haya, nikaendelea kupiga tupa kwenye bangili ambayo ilikuwa imekwisha kulainika zamani. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni. Ulipoondoka akanitazama, akasema, "Mwambie. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi nitaongeza chumvi." Unamjua mama yako na chumvi. Basi nakwambia.

Kibangwa chako, kidani hicho cheupe, si kombe, mwanangu. Ni plastiki. Na lile doa jeusi lililopo nyuma yake, ambalo ulipokuwa mdogo nilikwambia ni cheche ya jikoni, si cheche. Ni sindano yangu.

Ukitaka, weka barua chini kwanza, unywe maji, halafu urudi.

Kazi yangu unaijua, umekulia chini ya meza hii ukiokota shanga. Dhahabu ya kweli naishika mara chache kwa mwaka. Kinachotulisha ni bandia: bangili za shaba zilizopakwa rangi, hereni za vioo, pini za kifuani ambazo bibi za watu walinunua kwenye maduka ya mjini enzi zao, zilipokuwa zikiletwa na treni. Leo wajukuu wanazitoa kwenye masanduku, wanaona zimerudi kwenye fasheni, wananiletea nikaze mawe na kubadilisha vifungio.

Na hakuna anayeleta pambo bila maneno yake. Unamkumbuka yule mama wa pini ya mbayuwayu, ambaye mume wake yuko machimboni upande wa Nzega? Ndege alikuwa amekatika bawa. Nikamwambia naliunga, mama, litakuwa imara kuliko mwanzo. Akanijia juu: "Fundi, usilikaze sana. Mbayuwayu ndiye anayerudi na mvua, lakini akipata nguvu nyingi anapitiliza." Nikalifunga legelege kama alivyotaka. Mume alirudi mwezi wa kumi na moja, na sifa zote zikaja kwangu.

Na ile bangili ya nyoka mwenye macho mekundu? Mwenyewe ni mama Mkatoliki wa hapa hapa Ipuli, karithi kwa shangazi yake. Alitaka nikate kichwa, asiende misa na shetani mkononi. Sasa hapo kwenye benchi alikuwa amekaa mzee mmoja wa Wayeye, wale wacheza nyoka, anasubiri pete yake. Yule mzee alisimama kabisa. "Mama, huyo ndiye anayelinda nyumba, unamkataje?" Wakabishana hadi chai ikapoa. Mwisho nilikata, maana bangili ni ya mwenye bangili. Mama akaenda misa na mkia, mzee akaondoka na kichwa kimefungwa kwenye leso, na wote wawili walinishukuru.

Wewe mwenyewe, ukiwa na miaka minne, niliwahi kukuonesha lile umbo la korosho linalochorwa kwenye kanga na kwenye hereni za zamani. Nikakueleza kwamba wengine wanasema ni embe, wengine wanasema ni mbegu ya uzazi. Ukalitazama sana, ukasema, "Baba, hiki ni kiluwiluwi." Mpaka leo wateja wananiletea hereni za korosho na mimi naziona viluwiluwi.

Leo maneno hayo nayasikiliza kwa raha. Lakini zamani sikuwa hivi, Zaituni, na ndiko ninakotaka kukupeleka.

Nilipomaliza kujifunza kazi nilikuwa kijana mwenye jicho. Aliyenifundisha alinipa dawa zote za kujua bandia: gusa kwa mdomo uone ubaridi, pima uzito kiganjani, gonga usikilize, na mwisho kabisa, pasha sindano moto uguse mahali pasipoonekana. Nikapatwa na ugonjwa wa kupima. Nikiingia nyumba ya mtu, kabla sijaitikia karibu, macho yameshafika shingoni kwa mwenye nyumba. Sindano ilikaa kwenye ukosi wa shati langu kila siku. Watu walicheka, wakaniita Fundi Kweli. Mimi nikadhani wananisifu.

Siku ya kumchukua mama yako tulikwenda Kwihara na rafiki zangu wa mjini, tumevaa, tumenukia. Bibi yako Nyamizi alikuwa na kibangwa shingoni. Unajua walivyokihesabu Wanyamwezi wa zamani: kilikuwa kitu cha watemi, na cha kuwakumbuka waliotangulia. Kwao mama yako walisema kuna babu yao mpagazi aliyekwenda pwani na pembe begani akarudi na kibangwa kifuani. Ule mstari unaoanzia ukingoni ukizunguka mpaka katikati, bibi yako aliusoma kwa namna yake. Alisema mwenye safari ndefu asihofu akiona anazunguka, kila mzunguko unamsogeza kwao.

Na walikuwa na sharti lao. Kibangwa hakikai sandukuni. Kinatoka shingoni kwa mama, kinaingia shingoni kwa binti aliyemchagua, siku binti anapotoka nyumbani, mbele ya watu.

Basi bibi yako akakivua, akamfunga mama yako. Wanawake wakapiga vigelegele. Na mimi, bwana harusi, badala ya kumtazama mke wangu usoni nikatazama kibangwa. Kilikuwa cheupe mno. Kilipogusana na kifungo cha gauni kikatoa sauti nyepesi. Nikasogea. Chetezo cha udi kilikuwa hapo miguuni. Nikachomoa sindano kwenye ukosi, nikaitia kwenye makaa, na huku nawaambia rafiki zangu kwa sauti ya mjuzi, "Kombe haliungui, angalieni." Nikakiinua kibangwa kutoka kifuani kwa mama yako, nikakigeuza, nikagusa.

Sindano ikazama.

Plastiki za kizamani za namna ile zilitengenezwa kwa kuchanganywa na kafuri, hilo nadhani nawe utafundishwa huko chuo cha mawe. Zikipata moto, kafuri inatoka. Chumba kilikuwa na udi, kina marashi, kina harufu ya pilau kutoka nyuma. Kafuri ikavipita vyote. Na sisi kafuri tunaijua kazi yake, tunamwekea maiti. Vigelegele vikakatika. Mama yako mkubwa Kabula alikuwa anaingia na sinia la vikombe, akasimama mlangoni akauliza, "Kafuri? Jamani, kuna msiba?"

Na hapo, mwanangu, bado nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Mungu anisamehe, nikasema, "Ni plastiki hii, mama. Walikudanganyeni." Nilitegemea kushukuriwa.

Bibi yako alisogea, akalifungua fundo. Vidole vilihangaika nalo, ikachukua muda mrefu, na sisi wote tumesimama tunatazama. Akakifunga tena shingoni kwake mwenyewe. Akasema, "Haya, mchukueni mwenzenu, jua linakwenda." Mama yako akatoka kwao shingo wazi. Ndani ya gari alitazama nje mpaka tunaingia Ipuli. Hapo akasema neno moja: "Ungeniuliza."

Bibi yako hakukanyaga nyumba hii miaka minne. Na mimi sikwenda kuomba radhi. Nilijiambia nimesema kweli, sasa kosa langu liko wapi? Nikakaa na kweli yangu hapa kibandani, na mama yako akakaa na kimya chake jikoni. Alinipikia, alinifulia, alicheka na majirani. Lakini alikuwa na tabia ya kupapasa chini ya koo akiwa na mawazo, na kila akifanya hivyo nilitazama pembeni.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja na mjukuu kweli, yaani wewe. Siku yako ya arobaini bibi yako alikuja. Alikupakata, akakuombea dua, halafu akanifuata huku kibandani peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi." Hakuniita mkwe. Akakivua kibangwa akakiweka mezani. "Kamba imechoka. Nibadilishie."

Nikakishika. Doa lilikuwa pale pale, dogo, jeusi. Nikamwambia, "Mama, na hili doa nalisawazisha. Halitaonekana kabisa."

"Doa liache. Hilo ni lako."

Nikaanza kusokota kamba. Akakaa kwenye benchi, akaanza kusema kama mtu anayesimulia habari za mvua.

"Kile cha kombe baba yangu alikitoa mwaka wa njaa, akaleta mtama. Tukala. Mama hakumlaumu, ila mkono wake ukawa unapapasa hapa kifuani, hapana kitu. Baba akashindwa kuutazama ule mkono. Siku moja akaenda mjini, akarudi na hiki. Akamwambia nimekikomboa."

"Na mama yako akaamini?"

Bibi yako akacheka. "Kombe lina baridi, fundi. Alfajiri linashtua kifua. Hiki alilala nacho usiku mmoja tu akajua. Akakivaa miaka yote mpaka ikafika zamu yangu. Baba amekufa anajua alimfurahisha mkewe, na kweli alimfurahisha."

Nikamuuliza yeye alijua tangu lini.

"Mama aliniambia siku aliponivalisha, tukiwa njiani ananisindikiza. Na mimi ningemwambia binti yangu siku ile ile, njiani hivyo hivyo. Wewe ukawahi."

Zaituni, sijapata kupigwa na mtu nikaumia kama nilivyoumia kwa maneno hayo mawili ya mwisho. Mimi nilidhani nilikuwa mtu pekee mwenye macho katika chumba kile. Kumbe aliyejua kuliko wote alikuwa ameshika ncha za kamba, na alikuwa na sehemu yake ya kueleza, kwa wakati wake, kwa mtu wake.

Nikamwambia, "Nisamehe, mama."

"Mimi nimekusamehe, ndiyo maana nimekuletea kamba. Lakini aliyevuliwa si mimi."

Nikaelewa. Jioni ile nikamfuata mama yako chumbani, nikamwambia nitamwomba bibi yako amvalishe kibangwa. Alikuwa anakunyonyesha, hata hakuinua kichwa. "Kilivuliwa mbele ya watu. Chumbani hakivaliwi." Nikatoka. Mdomo uliopata nguvu za kumwaibisha mbele ya watu ukakosa nguvu za kumwomba radhi mbele ya watu hao hao. Nilisema nitafanya Idi. Idi ikaja ikapita. Nikasema harusi ya mdogo wake. Nikala pilau, nikarudi nyumbani. Ndivyo miaka inavyoliwa.

Halafu ile siku ya cheche. Ulikuwa na miaka sita, umekaa kwenye mapaja ya bibi yako, umekigeuza kibangwa, ukauliza, "Hili doa ni la nini?" Mimi nilikuwa mlangoni. Nikajibu upesi kabla hajafungua mdomo, "Cheche ya jikoni iliruka." Bibi yako akaniangalia. Angeweza kunimaliza pale pale kwa sentensi moja, na alikuwa na haki. Akakuambia, "Ndiyo, cheche. Iliruka ikatua hapo." Alinifanyia kile ambacho mama yake alimfanyia baba yake. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na mama yako akaniona, akaniacha nilie.

Bibi alipofariki ulikuwa darasa la nne. Walipokuwa wakimwosha, harufu ya kafuri ikatoka mpaka tulipokaa wanaume. Watu walidhani ninalia kwa kufiwa tu. Wanawake walimletea mama yako kibangwa kimefungwa kwenye kitambaa, naye akakitia kwenye lile kopo la maziwa akasema, "Ni cha Zaituni." Tangu hapo kimekaa koponi miaka yote hii, kitu ambacho hakikutakiwa kukaa sandukuni hata siku moja. Wewe ulikuwa unakitoa, unakichezea, unakirudisha. Hukujua kwamba kimeruka shingo moja. Kimeruka kwa sababu yangu.

Sasa unakwenda kufundishwa kuchonga mawe na kuyatambua. Watakupa vyombo ambavyo mimi nimevisikia tu, na utajua kwa dakika moja kilichonitoa jasho siku nzima. Jifunze vizuri, tena uwashinde. Sitaki mtoto asiyejua kwa kuogopa kujua. Ila ipo siku mtu atakuletea pete ya mama yake, atakuuliza, "Hii ni ya kweli?" Mtazame kwanza kama anataka kujua, au anataka kukuonesha mama yake. Sindano inaweza kungoja. Yangu ilikuwa na haraka, na unaona tulipofika.

Nilikuwa naogopa vilevile kwamba utasimama mbele ya wenzako ukijisifia kombe la wapagazi, halafu mwalimu akiguse kwa sindano, na ile harufu itoke. Ungelijua doa lile mara moja, na ungejua limetoka wapi, maana umeona sindano kwenye ukosi wangu maisha yako yote. Nisingependa ujue hivyo, ukiwa mbali, peke yako. Najua kwamba kwa kukuandikia nawahi tena, kwa sababu maneno haya ni ya mama kwa binti. Safari hii lakini nimetumwa na mwenyewe. Mengine amejibakizia, atakwambia yeye.

Barua hii nitakupa jioni baada ya magharibi, ili ujue kinachokuja na usishtuke. Gari lenu linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na nusu tutakuwa wote ukumbini. Nimemwomba mama yako mkubwa Kabula alale hapa leo, nikamwambia nina kazi naye ya alfajiri. Akauliza kazi gani. Nikamjibu ya kuniaibisha mimi. Akasema kwa kazi hiyo hata siku tatu atalala. Mama zako wadogo nao wapo. Karibu wote walikuwepo siku ile.

Kamba mpya nimeisokota mchana huu, nyekundu na nyeusi, imara. Kibangwa nimekifuta. Doa ningeweza kulifuta pia, nina kila kitu hapa mezani, na safari hii nimeliacha kwa hiari yangu. Nitasimama mbele yao niseme nilichofanya, chote, na neno nililolitamka baada ya Kabula kuuliza. Nitamwomba mama yako anisamehe, na nitamwomba akubali kukivaa. Sindano nimeichomoa kwenye ukosi, ipo hapa kwenye kibati.

Sijui kama atakubali. Mama yako hasahau, na sina haki ya kumharakisha mtu niliyemchelewesha miaka ishirini na nne. Akikataa, utaondoka shingo wazi kama alivyoondoka yeye kwao, na kosa litakuwa langu mara ya pili, wala usimkunjie uso hata kidogo. Nakuomba hilo kuliko yote niliyoandika humu.

Lakini akikubali, usitazame saa. Gari lipige honi, Kabula atamshughulikia dereva. Mwache akae nacho kidogo shingoni kwake, mbele ya watu, kama alivyostahili. Halafu atakivua akufunge wewe. Atachukua muda kwenye fundo, vidole vyake ni vile vile vya bibi yako. Msogelee, uiname kidogo. Mama yako ni mfupi.

Baba yako